Visu Kwenye Buti la Baba Mdogo

Mwenzangu, uko? Usipige simu, nitalia. Soma tu.

Tumetoka kliniki na mdogo wangu. Si unajua tangu aanze kusikia sauti za watu wasiokuwepo, baba mdogo amefungia visu vyetu vyote kwenye buti la gari lake? Mimi nakata vitunguu kwa mfuniko wa kopo!

Sasa nesi akawa anamuuliza mdogo wangu taratibu. Umewahi kumpiga mtu? Hapana. Dawa unakunywa? Akamtazama baba mdogo. Unavuta bangi? Baba mdogo akadakia, "Bangi? Kwetu? Thubutu!"

Mdogo wangu akamgeukia kwa ule upole wake. "Baba mdogo, si wewe unayeniletea? Ulisema niache vidonge, hiyo itanipa usingizi."

SI WEWE UNAYENILETEA. Nilitamani ardhi ipasuke immeze baba mdogo, si mimi.

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema wengi wenye ugonjwa huu hawamgusi mtu, ila bangi na kuacha dawa vinaweza kumfanya hata mpole awe hatari. "Mzee, umeficha visu, ukaingiza hatari yenyewe ndani."

Kufika nyumbani nikamnyang'anya baba mdogo funguo, nikafungua buti. Visu vyangu vimeviringishwa kwenye gazeti. Na bangi yake humo humo. Gazeti lile lile, mwenzangu!

Nimeimwaga chooni anaona. Akasema eti nina hasira za kichaa.

Nikamwambia hasira hizi ni zangu mwenyewe, sikuletewa na mtu.