Majirani Zangu wa Pangoni

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Salamu zako zimefika Munje. Mbuzi amezaa mapacha. Nyumba ni kimya tangu bibi yako atutoke.

Umeuliza kovu la shavuni mwangu lilitoka wapi. Ujanani nilikuwa kibarua wa barabara huko bara, milimani. Wenzangu walilala hemani na mbwa wao. Mimi nilichelea mbwa asiitie najisi kanzu yangu ya kusalia, nikahamia pangoni peke yangu. Humo waliishi pimbi, wanyama wa miambani wadogo kama sungura, wanene, wazima. Nikafurahi kupata majirani safi. Kumbe usubi waliwauma wao, kisha wakaniuma mimi. Shavu likafanya kidonda, kikakawia sana kupona. Daktari alinieleza kuwa pimbi hubeba vijidudu vya ugonjwa ule bila kuonyesha dalili. Sikuwachukia, hata wao hawakujua.

Unaniambia huko chuoni mnafundishwa kumpima hata mnyama anayeonekana mzima. Hapa msikitini kila mtu huniambia, "Mzee, mashaallah, u mzima wa afya." Nami huitikia alhamdulillahi, nikarudi nyumbani.

Likizo ikifika, njoo unitazame wewe.

Babu yako,
Mzee Juma