Kuvrili ya Mutale na Kipande ya Katikati

Siku ya Mungu, 9 Oktoba 1955

Nimemaliza upande ya juu ya kuvrili, nguo ya kufunika kitanda! Bipande saba kwa saba, byote kwa mukono. Nimeitandika pa kitanda, nikaizunguka sawa kuku mwenye mayai. Iko muzuri. Najisifu mwenyewe, hii kaye naandikamo, hakuna muntu ataisoma.

Kila mama wa kikundi yetu ya kushona alileta kipande ya kikwembe yake juu ya arusi ya Mutale, binti yangu. Njo desturi yetu: binti akiolewa, anakwenda kulala mu bikwembe bya bamama bote. Na pa katikati kabisa ni kipande ya mama yake mwenyewe.

Pa katikati nimeweka amerikani nyeupe. Kwa sasa tu.

Bakwe banatoka Kipushi kuja kumuchukua siku ya posho, tarehe kumi na tano. Inabakia kuweka blanketi ya zamani mu kati, amerikani ingine chini, na kupitisha byote tatu mu mashini. Kazi ya siku mbili. Naanza kesho asubui.

Siku ya kwanza, 10 Oktoba

Sikuanza. Mashini ilikuwa kavu. Nimeipaka mafuta. Kisha nikaona madirisha iko chafu — bakwe banakuja, bataona madirisha! Nimeosha yote. Kisha mugongo ikauma. Kesho.

Siku ya pili, 11 Oktoba

Nimeipaka mafuta tena. Mutale alisimama pa mulango, akauliza kama niko nashona na mashini ao niko naikaanga. Huyu mutoto! Mudomo ya baba yake.

Baba yake naye! Amerudi kutoka atelye ya shemindefer, kwenye banatengeneza treni, anasema yeye anafungua lokomotivi muzima na kuirudisha, na mimi nashindwa na kuvrili. Nikamuambia: basi, kaa hapa, ushone. Akaanza kutafuta kofia yake.

Lakini nimefanya kitu! Nimefunga bitambaa tatu na bipini. Bipini mia moja na sitini na tatu. Nimebihesabu mara mbili, juu ya kuwa na hakika.

Niseme kweli, naogopa. Ukikosea na mukono, unafumua polepole, hakuna aliyeona. Mashini ikipinda, inapinda mbio, na bitambaa tatu binapinda pamoja. Halafu kila mama atatafuta kipande yake, ataona mikunjo. Mama Chileshe atasema nini! Yeye hata bila mikunjo anasema.

Siku ya tatu, 12 Oktoba

Mama Rabia alikuja. Bwana yake Amisi ni fundi wa nguo, bantu ba Maniema, na yeye anajua kushona kupita bwana. (Asimusikie.) Anasema «cherehani», hasemi «mashini» sawa sisi. Nimemuonyesha kazi. Akapiga vigelegele peke yake mu chumba.

Kisha akanifundisha. Viringisha kuvrili pande zote mbili, ipite chini ya mukono ya mashini. Na lazima uanzie katikati, usukume kwenda inje. Ukianzia pembeni, mikunjo yote itakimbilia katikati, ikae pale sawa bageni bakaidi.

— Basi, anzia hapa, akasema. Kidole yake pa amerikani nyeupe. Akaiangalia. — Ah! Mbona umemtilia mwali sanda?

Nikacheka. Akacheka. Alipotoka sikucheka tena.

Kama ningeweza kuanzia pembeni, leo hii ningekuwa nimemaliza. Lakini katikati!

Siku ya ine, 13 Oktoba

Nimepika bukari mara mbili. Nimetembelea bantu tatu ambao sibapendi. Mashini imepakwa mafuta, sasa inatoka machozi mpaka pa meza.

Mutale aliniuliza, polepole: mama, pa katikati hautaweka ile kikwembe yako ya ndege? Nikamujibu kwa kasirani. Nikasema ile ni ya zamani, itapasuka, bakwe batacheka. Yeye akasema tu: «Basi, mama.» Akaenda kufua bikwembe.

Mimi nikahesabu bipini tena.

Ile ya ndege njo nilimubeba nayo. Kutoka hospitali mpaka alipojua kukimbia. Alikuwa anafungwa mu mugongo yangu, ananyonya kona ya kikwembe wakati meno inaota, mpaka ndege ya pale ikapoteza rangi. Nikiikata, ni kusema nimekubali: kwenda, mutoto, mugongo imefungwa. Na mimi sijakubali! Baba yake anasema Kipushi iko pale tu, kamyo inafika mbele ya saa sita, si Bulaya. Najua iko wapi! Lakini nani atanicheka kila asubui kama yeye iko Kipushi?

Godefroid, bwana-arusi, ni kijana muzuri. Karani, mwenye heshima. Hata hiyo inanikasirisha.

Siku ya tano, 14 Oktoba, asubui

Leo ni leo. Bakwe ni kesho. Nitaiacha amerikani, nitashona hivyo hivyo, atakayeuliza aulize. Mutale amefua bikwembe byote juu ya bageni, binakauka inje. Kulibakia moja tu mu sanduku. Ile. Nimeivaa, nimeifunga pa kifua juu ya kombinezo, nguo yangu ya ndani, joto iko mingi. Rido, ile pazia ya mulango, imefungwa. Naanza!

Siku ile ile, saa ine

Niko naandika na kalamu ya kuchora mustari, juu ya meza ya mashini. Siwezi kwenda kutafuta ingine. Nitaeleza sababu.

Nilishona! Tak-tak-tak-tak! Miguu ilikumbuka yenyewe. Nilizunguka amerikani pande ine, kisha tena pande ine, mustari sawa barabara ya bazungu. Hakuna mukunjo hata moja. Niliimba! Kwa nini nilikawia siku tano? Nilijiita mujinga kwa sauti kubwa.

Kisha inje: «Hodi!»

Bakwe. Leo! Banasema kamyo ya kesho haiendi, bakapanda ya leo. Shangazi yabo, bajomba mbili — na sauti ya Godefroid. Mama we! Mukwe na mama mukwe, kwetu hatuonani hivi hivi, hata pa njia mumoja anageuka. Na mimi niko na kombinezo! Nikasimama mbio.

Kuvrili ikasimama pamoja na mimi.

Nikakaa. Nikavuta. Ikanivuta. Mutale akaingia, akafunga rido nyuma yake, akanikuta nimekumbatia mashini. Akacheka mpaka akakaa chini, kiganja pa mudomo kusudi bakwe basisikie.

Ni mafuta! Ilikuwa inavuja pa meza, nikaogopa itachafua kuvrili, nikatandika kona ya kikwembe yangu chini yake. Kwa dakika moja tu. Halafu nikaimba, nikasahau, mashini ikaishona pamoja na kuvrili.

Mutale akaingiza kichwa chini ya meza kutafuta uzi. Cheko ikaisha.

— Mama. Njo ile ya ndege?

— Njo ile.

— Umekubali?

— Mashini njo imekubali.

Hakucheka. Akageuza kuvrili kidogo, akanionyesha. Nyuma ya amerikani, katikati kabisa, ndege mbili ya kikwembe yangu mu pande ine ya uzi. Moja haina rangi.

Akasema: kama unataka, nitafumua yote sasa hivi, nitabaambia bakwe kuvrili haiko tayari, itanifuata kule. Aliweka makasi pa magoti yangu, akaenda kubapa chai. Na macho yake ilikuwa na maji, nimeiona.

Nikifungua kikwembe pa kifua, natoka na kombinezo mbele ya mukwe. Nikifumua, naharibu mustari muzuri kuliko yote nimeshona mu maisha yangu. Nikikata —

Shangazi yabo anauliza mama ya bibi-arusi iko wapi. Mutale anamujibu iko anamalizia kazi. Sauti yake inacheka na kulia pamoja, mimi peke yangu ndani ya hii nyumba najua kuisikia.

Nimeita: «Karibuni! Niko nakuja!»

Siko nakuja. Nusu ya hii kikwembe ingenitosha, naifunga tena pa kifua, nusu ingine ibakie pale ilipo. Nimepima na kidole. Inatosha.

Mutale ameita: mama, chai inapoa.

«Niko nakuja!» Nimefungua makasi.