Maswali Niliyompelekea Mwalimu Monicah Nyumbani

Ruring'u, Nyeri
20 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Zeinabu,

Asalaam aleikum. Kabla ya yote naomba unisamehe kwa kukaa kimya namna hii. Mzigo wako ulifika kabla ya Ramadhani, nikakuambia ahsante kwa simu, nikasema nitakuandikia vizuri, na tazama sasa ni Julai. Sikukusahau. Huyu mdogo anaota meno, halali wala hataki mtu alale, na nikipata nafasi ya kukaa kalamu inaniponyoka nikisinzia. Leo baba watoto, Yasin, amenichukulia mtoto, wako huko nje wanaosha lori, nami nimefunga mlango.

Magoti yako yanaendeleaje? Na hiyo joto ya Doha, umeizoea au unavumilia tu? Wale watoto unaowalea hawajambo? Sisi huku ni baridi ya Julai ile unayoijua, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka, na mlima hatujauona siku nyingi kwa ukungu. Lakini tuko wazima, tunakula, tunashukuru.

Nguo zilitutosha wote. Ile chupa ya mafuta ya nazi ya nywele nayo tumeitumia, ila siyo kwa nywele peke yake, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Sikutaka kuisema kwa simu kwa sababu kuta za hii ploti ni nyembamba na mwenye habari anaishi nyumba ya pili kutoka langoni. Sulemani anasafiri Alhamisi kurudi kazini huko kwenu, amesema atakuletea barua mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Hanan wako yuko gredi ya pili. Unakumbuka alivyokuwa. Ndiye aliyekuuliza kwenye simu kama mwezi wa huko Doha ni huu wetu au mko na mwingine. Nilikuwa nachoka naye, sitakudanganya. Mtu anapika, anabeba mtoto mgongoni, na huku anaulizwa mvuke ukitoka kwa sufuria unaenda kulala wapi.

Mwezi wa pili mwalimu wake, Mwalimu Monicah, alikuwa akiwafundisha Shughuli za Mazingira, habari ya jua. Mkaguzi kutoka ofisi ya kaunti alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Mwalimu akasema jua ni kama moto wa jikoni, ukisogea karibu unapata joto, ukienda mbali unasikia baridi. Watoto wakarudia wote kwa sauti moja. Hanan akainua mkono akauliza: mbona mlima uko juu, karibu na jua, na uko na barafu? Dirisha la darasa hilo linatazama mlima, Shangazi, na mwezi wa pili asubuhi huwa uko wazi kabisa, barafu unaiona kwa macho yako.

Mkaguzi alicheka. Nafikiri alicheka kwa kupendezwa, lakini mwalimu alisikia vingine. Mgeni alipoondoka alimsimamisha mtoto wangu mbele ya ubao akawaambia wenzake, huyu ni Profesa Barafu, anajua kuliko mwalimu, mpigieni profesa makofi. Wakapiga. Akamwacha amesimama hapo mpaka kengele ya chai. Kutoka siku hiyo mtoto yeyote akiinua mkono kuuliza kitu anaambiwa, kwani wewe pia unataka kuwa Profesa Barafu? Jina likatoka darasani likafika barabarani. Hata wa chekechea wanamwita.

Hanan akanyamaza. Hakulia, hakukataa shule, alinyamaza tu. Anakula, anaandika homuwaki, analala. Asubuhi moja tulikuta konokono mlangoni, mkubwa, ametoa pembe. Zamani tungechelewa shule kwa sababu ya huyo konokono. Alimruka akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale nikimwangalia huyo mdudu, na ni hapo nilipoapa kwamba huyu mwanamke atanilipa.

Nilianza kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, na leso yangu nzuri. Akaniambia, "Mama, watoto husahau." Nikamshukuru nikatoka. Mimi sisahau, na wewe unajua hiyo kitu tumeitoa kwa nyanya.

Sasa, Mwalimu Monicah, ndiye huyo wa nyumba ya pili kutoka langoni, huwa na watoto wa mtaa sebuleni kwake kila Jumamosi, masomo ya kulipia. Anaandika ubaoni, wananakili. Kinachoelea, kinachozama. Kilicho hai, kisicho hai. Hakuna maji, hakuna kitu cha kushika, ni kuandika na kunyamaza. Nikajiambia, hawa watoto nitamwondolea mmoja mmoja.

Mimi si mtu wa kusoma. Ile gredi niliyopata Kidato cha Nne unaijua, wewe ndiye uliyelia kuliko mimi. Lakini karai ninayo, na bomba liko nje. Jumamosi nikajaza karai nikaiweka katikati ya ua, mahali Mwalimu anapopaona kutoka dirishani kwake. Nikaweka chungwa, kiazi, msumari, kizibo, kijiko cha mti, na chungwa lingine nimelimenya. Gatimu wa jirani akaja kuchungulia. Nikamwambia, "Hili la maganda na hili lisilo na maganda, lipi litazama?" Akasema yote yataelea, chungwa ni chungwa. Akaweka mwenyewe. La maganda likaelea. Lililomenywa likaenda chini. Akalitoa akalirudisha, akalitoa akalirudisha, kisha akakimbia kwenda kuita wenzake. Mamake akatoka akaniambia, "Mama Hanan, umeniharibia mtoto, amekataa kwenda kwa mwalimu ati huku kuna maji." Nikamwambia basi mwache. Akamwacha, na yeye mwenyewe akaleta kigoda.

Simtozi mtu chochote. Sheria yangu ni moja. Ukisema kitu, wenzako wanakuuliza, unajuaje? Na wewe huruhusiwi kusema mwalimu alisema, au mama alisema. Lazima utuonyeshe. Na mimi pia nikisema, naulizwa. Mara nyingi sijui, nasema sijui, tunatafuta.

Siku moja mwezi wa tano nilimwona Mwalimu Monicah amesimama mlangoni kwake na chaki mkononi, anaangalia upande wetu. Sebule ilikuwa tupu. Nikachukua ndoo nikamimina maji mengine kwenye karai kutoka juu, pole pole, ili asikie mlio.

Ila Hanan alikuwa anakaa pembeni ameshika taulo, anawapangusa wenzake mikono. Haulizi. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma hata nikishinda.

Kisha akaja Anita. Anita ni binti ya Mwalimu Monicah, yuko gredi ya tatu. Mama yake alikuwa ameenda Othaya kwa sherehe ya mahari, akamwacha kwa Mama Gatimu, na Mama Gatimu akaja naye uani kwangu. Nilipomwona nilisikia utamu mdomoni, wallahi. Nikamwita asimame mbele. Swali nilikuwa nalo tayari, swali la kumshinda, na jina la kumpa nilikuwa nimeshalitafuta usiku nikibembeleza mtoto. Watoto wote wakasogea karibu wakingoja.

Sikulisema. Usifikiri nilimhurumia, ingawa alikuwa na mikono midogo kama ya Hanan. Nilipiga hesabu tu. Nikimwaibisha atalia leo, mama yake atampangusa, yaishe. Nikimfundisha kuuliza, hayataisha kwao. Nikampa msumari na kijiko nikamwambia karibu mwanangu, anza. Jumamosi zilizofuata akawa anakuja mwenyewe.

Sasa ngoja nikuambie ya mafuta ya nazi. Asubuhi za Nyeri yanaganda kwenye chupa kama unga, unajua vile tunayaweka kwapani kwanza ndipo tupake mtoto. Yasin huendesha lori mpaka Sagana, na amezoea kusema akifika Sagana anavua koti. Nikawauliza watoto, Sagana iko chini huko, mbali na jua kuliko sisi, kwa hivyo mafuta yatakuwaje? Wote wakasema yatazidi kuganda. Yasin akaondoka na chupa. Saa sita akatuma picha: maji matupu. Watoto walipigania ile simu karibu waivunje.

Anita akasema, "Lakini unajuaje si joto ya injini?"

Yasin mwenyewe kwa simu akasema, kweli, injini inachoma hapa ndani, huyo msichana ako na maneno. Watoto wakaanza kubishana, na katikati ya zile kelele nikasikia sauti nyuma yangu.

"Si aende nayo Nanyuki? Nanyuki ni juu, na injini ni hiyo hiyo."

Ni Hanan. Taulo liko begani, hata hakuinua mkono. Niligeukia bomba nikajifanya nafungua maji.

Yasin alipopata mzigo wa Nanyuki alibeba ile chupa, mahali pale pale chini ya kiti, na ilifika huko imeganda. Mbona juu kuna baridi hatujajua bado. Lakini lile la kusogea karibu na moto wa jikoni limezama kama kiazi, na siku hizi Hanan na Anita wanakaa kigoda kimoja wakigombana.

Utasema hapo moyo wangu ulipoa. Haukupoa. Darasani Hanan bado hafungui mdomo, na bado anaitwa Profesa Barafu. Kwa hivyo kila Jumamosi jioni nampangusa Anita miguu, nampa kipande cha kiazi kitamu, namrudisha kwao na maswali yamemjaa.

Wiki iliyopita Mwalimu Monicah akaja mlangoni kwangu.

"Mama Hanan."

"Karibu, Mwalimu. Ingia ukae."

"Sikai. Nimekuja tu kuuliza, huyu mtoto wangu mnamfunza nini huku?"

"Kuosha karai."

"Usinichezee. Nikimwambia avae sweta atashikwa na homa, ati Mami unajuaje. Nikimwambia chakula kimeiva, ati unajuaje. Jana mchungaji amekuja kututembelea, amesema tu mvua itanyesha wiki hii, mtoto anamwangalia kwa macho, ati mchungaji, unajuaje. Nilitaka ardhi inimeze."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anyamaze."

"Akanyamaza?"

Akaangalia karai. "Hakunyamaza."

"Basi una bahati. Wangu alinyamaza."

Hapo ndipo alipoelewa. Akashusha sauti. "Kumbe bado ni hiyo? Ile ilikuwa mchezo, Mama Hanan. Watoto hupeana majina."

"Si watoto waliompa. Ulimpa wewe, ukaamuru makofi. Utaliondoa palepale mbele ya ubao, na watoto walewale wakisikia."

"Kwa hivyo unanilipiza kupitia kwa mtoto wangu?"

"Mtoto wako anakula, anacheka, anarudi kwako msafi. Muulize kama kuna kitu nimemfanya."

Alienda bila kuaga. Sijui atafanya nini. Wiki hii jina bado linaitwa, nimesikia mwenyewe nikimchukua Hanan. Shule zinafungwa karibuni, na mwezi mzima wa Agosti Anita atakuwa nyumbani. Mimi nangoja, na nikingoja nitakuwa nafundisha. Usiniambie nisamehe, Shangazi. Nitasamehe Hanan akiinua mkono mle ndani.

Yasin anakusalimu sana, anasema koti ulilomtumia ndilo analovua Sagana. Mama Gatimu anakusalimu ingawa hamjuani, anakujua kwa mafuta. Wa nyumbani Majengo wote wazima, Bibi Rehema anauliza utakuja lini umalize ule mkeka. Nisalimie na hao watoto wa huko. Mwenyezi Mungu akufanyie kazi iwe nyepesi, akupe afya ya magoti, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kukaa uani nasi.

Ni mimi binti ya kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila nikimpaka mtoto mafuta ya nywele,

Mwanaisha, Mama Hanan.

Nimegeuza karatasi kwa sababu Sulemani anasema ana nafasi kwenye begi akija tena Agosti, siku chache tu kwa arusi ya kwao. Ninavyohitaji bado ni hivi. Sumaku mbili, hata zile za kubandika kwenye friji, ila ziwe na nguvu. Kipimajoto cha ukutani chenye nambari kubwa, hicho ni Hanan ameomba, anataka baba yake azunguke nacho kila mji. Maputo, rangi yoyote. Tochi ndogo ambayo watoto wa huko wameichoka. Chupa nyingine ya mafuta, hii imekwisha kwa safari. Lenzi moja kubwa ya kukuzia vitu, ya kutumia sote Jumamosi. Na nyingine ndogo, yenye kamba ya kuvaa shingoni, imara isiyovunjika upesi. Hiyo ni ya Anita, akae nayo kwao.