Bega la Mpagazi

Kwihara, Tabora

Mdogo wangu Agnesi,

Shangazi anakusalimu. Mfuko wangu wa nyongo madaktari walishautoa kwa vitundu vinne tu, lakini ajabu, kinachouma ni bega! Nesi alisema ni hewa waliyonijaza tumboni wakati wa upasuaji, maumivu yake hupanda hadi begani; nitembee polepole, itaisha.

Basi kila asubuhi tunafuata njia ya zamani ya misafara, vumbi laini kama unga, naona kama naota. Shangazi ananitania: "Wazee wetu walipita hapa na pembe za ndovu begani, wewe umebeba upepo!" Nacheka huku nimebana kanga tumboni, nyuzi zisivute.

Leo tulipofika kisimani, bega likawa jepesi. Shangazi akanitazama usoni, akasema taratibu, "Haya, mpagazi, tua."

Nikalia. Nawe ukirudi na ndoo, tua kidogo, uniwaze.

Dada yako,
Veronika