Viatu vya Mwalimu Liang

Jumamosi, 4 Oktoba
Duara tena. Bustani ya Al Thumama, kabla jua halijaanza ukorofi wake. Mwalimu Liang, mama wa Kichina, kasimama katikati, mimi namzunguka. Magoti yamekunjwa, kiganja kinamwelekea. Akasema, macho. Nikarekebisha miguu. Akasema tena, macho. Nikachunga zaidi ninapokanyaga.

Mwanawe ni injinia hapa ughaibuni, naye alikuja kumtembelea. Mwalimu mwenyewe anarudi kwao Tianjin mwezi huu. Nataka anipokee rasmi kuwa mwanafunzi wake wa Bagua, sanaa hii ya Kichina ya kupigana kwa kuzunguka, kabla hajaenda.

Jumatatu, 6 Oktoba
Sikulala vizuri. Kazini hotelini nimemwaga maziwa kwenye zulia. Jioni nikazunguka kiti chumbani, miguu haikubali kutulia. Achieng, tunayeishi naye, akachoka.

"Mueni, utatoboa hii tiles. Kaa chini, hata mimi nimeanza kuskia kizunguzungu."

Nikakaa. Nikainuka tena.

Jumatano, 8 Oktoba
Leo Mwalimu kanisimulia chimbuko la Bagua. Kiingereza chake cha kuungaunga, changu cha hotelini, tunaelewana. Mwanzilishi alikuwa mtumishi katika nyumba ya mwana wa mfalme, Beijing. Inasemekana siku moja ukumbi ulijaa watu hadi pa kupita hapakuwa, naye akapita kati yao na chai, akizungukazunguka, bila kummwagia mtu. Ndipo bwana wake akataka kujua amejifunza nini. Mtu wa trei kama mimi! Nilicheka peke yangu kwenye basi.

Kuzunguka alikutoa wapi, hakuna anayejua. Wengine husema kwa watawa waliozunguka wakiomba. Mwalimu alipinda mdomo. Kila mtu, alisema, anataka sanaa yake iwe na babu mtakatifu wa milimani.

Wanafunzi wa kwanza walikuja na ujuzi wao, huyu mieleka, yule ngumi. Kila mmoja alijengewa juu ya alichokuwa nacho, ndiyo maana leo matawi hayafanani. Nikamuuliza mimi nina nini. Akasema, macho. Nimekasirika.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ibada kanisani Mesaimeer, maana huku tunasali Ijumaa. Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Baadaye nikaenda kwake na chai kwenye thamosi. Kwao mwanafunzi hupiga magoti, humpa mwalimu chai, akinywa basi amempokea. Nikapiga magoti. Kikombe kwa mikono miwili, kichwa chini, macho sakafuni, jinsi nilivyolelewa Kitui. Nikangoja.

Alikichukua akakiweka mezani. Hakunywa.

"Sipokei mtu asiyetaka kunitazama," alisema. "Unanificha nini?"

Nimelia kwenye metro mbele za watu. Namchukia. Hapana, simchukii.

Jumapili, 12 Oktoba
Nikamweleza Achieng. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Kwani ushawahi kumwangalia mamako kwa macho akikuongelesha?"

Kamwe. Ningepigwa. Mkubwa akisema, unatazama chini. Hata kazini msimamizi hunisifu kwa hilo. Kumbe muda wote huu nimemzunguka Mwalimu nikitazama viatu vyake. Vya kitambaa, vyeusi, cha kushoto kimechanika kidoleni. Navijua kuliko uso wake. Aibu imenishika.

Jumanne, 14 Oktoba
Nilimfuata bustanini kabla sijabadilisha nia.

"Mwalimu, kwetu kumkazia mkubwa macho ni kumtukana."

Nilidhani nimeharibu zaidi.

"Kumbe ulikuwa unaniheshimu," akasema. "Basi niheshimu ukinitazama."

Nikainua uso. Vigumu kuliko magoti, kuliko kila kitu. Nilijiona sina adabu. Nikazunguka, macho yakipita juu ya kidole cha mkono wangu hadi kwake, na miguu ikajiendea yenyewe. Hapo ndipo nikaona. Jicho lake la kulia lina ukungu mweupe. Kila nikipita upande huo aligeuza shingo kunitafuta. Sikuwahi kujua.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kanisa, kisha kwake. Masanduku mlangoni. Nilipiga magoti, nikainua kikombe, nikamtazama. Jicho zima na jicho la ukungu, yote mawili. Alikunywa mpaka mwisho. Nilitamani kuruka. Nikaosha kikombe.

Jumapili, 19 Oktoba
Ameshafika kwao. Nilikwenda bustanini peke yangu, kuna kaupepo leo. Nikazunguka mahali aliposimama. Sikutazama chini. Nilitazama pale uso wake ulipokuwa, chini kidogo ya urefu wangu. Halafu nikaenda kazini.