Jina Lako Halijamkataa Mtoto

Mke wangu Bibi Mwantumu,

Shikamoo. Najua huitiki, hata ulipokuwa hai ulikuwa huitiki salamu ya mjukuu wako mpaka kwanza uulize nimekuja na nini. Leo nimekuja na habari. Mimi mzima. Wewe sikuulizi hali, maana huko ulipo angalau ule mguu haukusumbui tena.

Ya nyumbani ni haya. Jogoo wako tulimla kwenye arobaini yako, na alikuwa mgumu kama alivyokuwa mkorofi. Makuti ya upande wa jikoni nimeyabadilisha. Jirani yako Bi Zuhura, yule mliyekuwa mkigombana naye kwa ajili ya ufagio, siku hizi anapita uani kwetu amenywea. Juzi kaniambia, "Mjukuu wangu, sasa mimi nitamsema nani?" Nikamwambia aniseme mimi. Akasema sina ladha.

Na mke mwenzako kajifungua. Unakumbuka ulimwacha Saada na tumbo dogo, kila siku unamuuliza leo zamu ya nani kumpikia mume wetu. Basi ni mtoto wa kike. Hana meno, hana nywele, na akitaka kitu mtaa mzima unajua. Nikasema huyu si mgeni, huyu ni Bibi mwenyewe. Tukampa jina lako.

Sasa sikiliza lililotupata.

Alipofika miezi mitatu udenda ukaanza. Bibi, sijaona mtoto wa udenda vile. Unatiririka kidevuni, unaingia kwenye mikunjo ya shingo, unalowesha kifua. Saada anamwambia, "Mke mwenzangu, mbona unanifanyia mafuriko?" Tukawa tunafuta, tunacheka. Halafu kidevu kikawa chekundu, kikatoka vipele, shingo ikachubuka. Ikawa ukimgusa tu analia. Titi analitaka, lakini kidevu kikigusa analiachia.

Mama mkwe akaja kutoka Kiwangwa na mananasi yake. Unamjua, hasemi nami moja kwa moja, heshima za ukwe. Tumekaa ukumbi mmoja, yeye, mimi na Saada, naye anasema, "Saada, mwambie mumeo jina limemkataa mtoto. Marehemu hataki. Ijumaa aitwe shehe, tumpe jina la Mwanahawa, atulie."

Mwanahawa ni nani? Mama yake yeye.

Nikasema, "Saada, mwambie mama kwamba marehemu hawezi kukataa, alikuwa anapenda kutajwa." Akajibu, "Mwambie watoto tumewaona wengi. Jina likikataa, mtoto analia mpaka libadilishwe." Na wazee wengine mtaani wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu kweli mambo hayo yapo, hata wewe ulimbadilisha jina shangazi.

Nilifanya mzaha, Bibi, lakini moyo uliniuma. Picha yako hatuna. Sauti yako naanza kuisahau, nakumbuka kikohozi tu. Kilichobaki ni hilo jina. Nikawaza labda kweli umekasirika. Nikaja kaburini, nikakuuliza kama ni kwa ajili ya jogoo. Nikaondoka na wasiwasi wangu.

Sasa lazima nikwambie na kazi niliyo nayo, maana uliniacha nauza vitumbua vya watu. Tangu vita ya Wazungu iishe nguo zimerudi madukani Dar. Nachukua kanga kwa Mhindi, nafunga kwenye baiskeli, nazungusha Bagamoyo hadi Kiwangwa. Na mimi unanijua, sikosi ujanja. Mwanangu nikamfanya duka. Anabebwa na kanga mpya, begani kwa Saada kanga mpya, ya kufutia udenda kanga mpya, imetoka kwenye mkunjo wake haijaonja maji. Watu wapite waseme mtoto wa mwenye kanga yule pale. Wakaja kununua kweli.

Alhamisi nikaenda Kiwangwa na jua lile, nimejitundika kanga mpya shingoni ili wanawake waione kutoka mbali. Jasho likanitoka. Nguo yenyewe bado ngumu kama karatasi, inasugua, nami nakanyaga baiskeli. Nikarudi nyumbani shingo inawaka. Saada akanifunua, akatazama, akaniambia, "Shomari, na wewe jina limekukataa?"

Tukatazamana. Kisha sote wawili tukamtazama mtoto.

Shingo yangu na kidevu chake, wekundu ule ule, vipele vile vile. Kumbe hukukasirika. Ni nguo zangu.

Nikafungua sanduku nikatoa ile kanga yako iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Niliificha siku ya msiba wasiigawe. Saada akasema, "Nguo ya mke mwenzangu siichani mimi, atanijia ndotoni." Nikachana mwenyewe. Nguo mpya ukiichana inapiga kelele. Hiyo yako haikusema kitu, Bibi. Ilifunguka tu. Nikakaa chini kidogo. Saada akajifanya anatafuta sindano.

Kuanzia hapo hakuna kusugua. Udenda ukishuka, anagusisha kipande taratibu, nguo inakunywa. Kikilowa anachukua kikavu. Shingo na kidevu vinaoshwa na maji ya vuguvugu, vinaachwa vikauke kabisa, halafu mafuta ya nazi kidogo, yale ya kupika mwenyewe. Nilileta yale yenye harufu ya asumini ninayouza pamoja na kanga, nikafukuzwa nayo.

Ijumaa ile shehe aliomba udhuru, kulikuwa na harusi. Nashukuru mpaka leo harusi ya watu nisiowajua. Ilipofika Ijumaa ya pili mama mkwe akaja na kuku wa kubadilishia jina. Akambeba mtoto mpaka mlangoni kwenye mwanga. Akainua kidevu. Akapitisha mgongo wa kidole. Mtoto akamtemea udenda mkononi na kucheka.

Akasema, "Saada, mwambie mumeo kwamba marehemu kakubali."

"Mwambie mama kwamba marehemu hakukataa, zilikuwa kanga zangu."

"Mwambie tangu lini mchuuzi akasifu ubovu wa bidhaa yake?"

Kuku akaliwa hivyo hivyo. Shehe akasema dua haidhuru hata kama jina ni lile lile, mradi pilau limeiva. Na mimi sasa nawaambia wanunuzi wangu wenye watoto wachanga, kanga mpya vaa wewe, mtoto mpe ya bibi yake. Wananiona mkweli, wananunua zaidi. Usinicheke.

Jana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilikuwa uani najaza upepo tairi. Mama mkwe, ambaye tangu mtoto azaliwe alikuwa anamwita "huyu", akaita kwa sauti kutoka kwenye jamvi, "Mwantumu. Wewe Mwantumu."

Nikainuka nikatazama mlango wa jikoni. Nikasimama pale, pampu mkononi, nangoja utoke.

Nyuma yangu, pale jamvini, mtoto akaitika, kwa lugha yake hiyo ya mapovu.

Basi pumzika, mke wangu. Nakuahidi jina hili litaitwa uani humu kila siku, kwa kubembelezwa na kwa kugombezwa, mpaka mwenyewe achoke kuitwa. Na likiitwa nitageukia kwenye jamvi. Siku nyingine nitakosea. Nivumilie.

Mumeo,
Shomari