Mninga wa Mayu Mhoja

KITUO CHA POLISI BARIADI
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Shambulio na kuharibu mali, kijijini Kasoli

Jina: Klementina Bujiku
Umri: Miaka 41
Kabila: Msukuma
Kazi: Mkulima wa pamba
Makazi: Kasoli, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga
Tarehe: 18 Julai 1996, saa mbili na nusu asubuhi

Mimi ndiye Klementina niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na kweli ndiyo iliyonitoa Kasoli alfajiri kwa baiskeli. Mume wangu ni Nkinda, fundi seremala, ambaye mmemfungia mahabusu hapo nyuma. Anayemshtaki ni Mashimba, kaka yake wa tumbo moja, anayenunua pamba kwa lori lake tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe.

Mume wangu ana karakana kubwa kuliko nyumba yetu. Watu hucheka, wacheke. Karakana ya mjini alikokuwa ameajiriwa ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa, alinunua mabenchi, jiriwa na misumeno, akajenga banda la bati nyuma ya nyumba. Tangu hapo kila akipata nafasi anaitengeneza nyumba: milango, madirisha, dari, hata kabati langu la vyombo. Mgeni akija kwetu hupapasa mlango kwanza ndipo asalimie.

Mwisho wa karakana kulikuwa na mbao za mninga, pana, zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite katikati zikauke bila kupinda. Zilikuwa na miaka minne pale. Aliyezichagua ni mama mkwe wangu, Mayu Mhoja. Alizigonga kwa fimbo yake moja moja, akasema, "Hizi usiuze." Hakusema za nini, na sisi hatukuuliza. Kwetu jeneza halichongwi mtu angali anakula ugali, na kulitaja tu ni kumwitia kifo. Lakini pale nyumbani kila mtu alijua kuwa hizo ni mbao za Mayu, haziguswi. Mashimba alijua. Mwaka juzi alizitaka akatengenezee bodi la lori lake, Mayu akamwambia mbele yangu akatafute kwingine.

Umeniuliza kama Mashimba aliambiwa kuwa ni za jeneza. Nani angemwambia, afande? Wewe ungethubutu?

Mnamo tarehe 16 Julai, alfajiri, Mayu alifariki akiwa kwetu. Nkinda alipanda baiskeli kwenda Migato kumwita mjomba, kwa sababu kaburi la dada halichimbwi kaka yake hajafika. Aliniachia neno kwamba akirudi atachonga jeneza mwenyewe. Saa nne asubuhi Mashimba akafika na lori.

Kwetu ukifiwa, kila nyumba inakuletea mzigo wa kuni. Na kuni zenyewe siku hizi ni za kutafuta, watu wanapikia mabua ya pamba. Wanawake walikuja na mizigo kichwani. Mashimba alisimama uwanjani akawarudisha, akisema mama yake si maskini, mkaa utakuja na lori kutoka mjini, wao wapumzike. Waligeuka na kuni zao. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Pesa zimempanda kichwani yule, anadhani kuni za jirani ni kuni tu. Na huo mkaa wenyewe haukuja. Lori lilikwenda kubeba pamba kwanza, msiba ungoje.

Saa kumi jioni wapishi hawakuwa na hata kijiti, uwanja umejaa watu, na moto wa msiba hauachwi kuzimika. Nilikuwa ndani nimekaa na Mayu, nikasikia shoka karakanani. Nilipotoka nikakuta vijana wanapasua ule mninga, Mashimba anawaelekeza. Mzee Josia, jirani yetu, alimwambia hizo ni mbao za fundi. Alijibu kwamba fundi ni mdogo wake. Nikasimama mbele ya zilizobaki. Akaniambia, "Shemeji, hapa ni kwa mama yetu. Wewe uliletwa."

Miaka ishirini na miwili nimempikia yule mama. Alipolala kitandani nimemgeuza, nimemfulia, nimemlisha kwa mkono huu unaouona. Mashimba alikuwa anakuja Krismasi na kilo mbili za sukari. Leo mimi nililetwa! Nilitaka kumpiga, andika hivyo hivyo. Nilitaka kumpiga kwa lile shoka, Mzee Josia akanishika mkono. Mbao zikaisha zote. Watu wakaota mninga wa miaka minne, na ugali ukaiva.

Tarehe 17, saa tano asubuhi, lori likarudi na jeneza la dukani. Jeupe, kitambaa kinang'aa, vishikio vya plastiki vya rangi ya dhahabu. Watu wakalisifu. Tulipojaribu kumlaza Mayu, miguu ikabaki nje. Mayu alikuwa mrefu, Kasoli nzima inamjua kwa urefu wake. Mtoto aliyemzaa hakuchukua hata kamba ya kumpimia.

Nkinda aliingia wakati huo, vumbi mpaka kwenye kope, mjomba nyuma yake. Alikuwa ameshapita uwanjani, ameona kinachoungua. Mashimba akatuambia tuliomshika Mayu, "Mkunjeni magoti, ataenea."

Nkinda alituomba tumrudishe Mayu kitandani. Tulipokwisha kumlaza, alilivuta lile jeneza uwanjani, akachukua tezo, akalipasua. Chini ya kitambaa zilikuwa mbao za maboksi. Mashimba alimrukia kutoka nyuma, Nkinda akamsukuma kwa bega, Mashimba akaangukia vipande akachanika kwenye paji la uso. Hakupigwa ngumi, na tezo haikumgusa. Damu niliiona. Sikumhurumia, na hata sasa simhurumii.

Halafu Nkinda akaanza kung'oa milango. Wa mbele, wa chumba chetu, wa chumba cha Mayu, yote aliyoichonga mwenyewe. Akaipasua, akaipiga randa, akaanza kuunga jeneza, mjomba akimshikia mbao. Saa kumi na moja jioni Mashimba akaja na askari wawili. Jeneza lilikuwa limekamilika, bado mfuniko. Wakamchukua Nkinda na tezo na msumeno na nyundo, wakasema ni vielelezo.

Usiku nimelala kizingitini nafukuza mbwa, maana nyumba haina mlango na ndani kuna maiti. Leo ni siku ya tatu, na unajua mwenyewe maiti ya siku ya tatu ikoje. Mashimba ametuma neno kwamba ataleta jeneza jingine, refu, na kesi ataifuta tukilipokea. Nimemjibu atie pamba humo. Umeniuliza kwa nini tusiite fundi mwingine apige huo mfuniko. Mafundi wapo. Lakini yule ni mama yake, na kazi ameianza mwenyewe. Mpeni nyundo yake amalize.

Sina zaidi. Nimesomewa, na yote ni kama nilivyosema. Lakini sahihi siweki, hata ukinitisha. Tukishamzika Mayu nitarudi kusaini, na mume wangu nitamleta mwenyewe, mkitaka kumfunga mfunge.

Sahihi ya shahidi: K. Bujiku

MWANDISHI: Mimi Koplo Constantine nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakiri ni sahihi ila akakataa kusaini. Saa nne na robo asubuhi mtuhumiwa ametoka kwa dhamana ya Mzee Josia. Nyundo moja imetolewa kwenye vielelezo kwa ruhusa ya mkuu wa kituo.

Nyongeza, 19 Julai 1996, saa tatu asubuhi: Shahidi amefika pamoja na mtuhumiwa na nyundo. Amesaini.